Sketi Zimebadilika, Karatasi za Kukatia Zisichomwe
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka 10)

Habari za hisa na mikopo Mweka Hazina amezisoma, hatuzirudii. Sisi tunataka kusema juu ya lile sanduku la karatasi za kukatia magauni lililoko chumba cha cherehani.

Wapo wanaosema zichomwe, eti ni mishono ya mabibi. Wengine wanadai mashine za kikundi zisishone sketi fupi. Mambo haya yametugawa, na kwenye upatu ugomvi mdogo huvunja kikundi. Basi tuzungumze.

Karatasi hizi zina historia. Mwaka 1863 huko Marekani fundi mmoja, Ebenezer Butterick, alianza kuuza karatasi zilizokatwa kwa saizi mbalimbali. Mama wa nyumbani akaweza kukata nguo bila kumwendea fundi mkubwa. Hata kwetu, aliyeishia darasa la saba anakata gauni kwa karatasi hizo. Ila angalieni: namba ya saizi ya zamani si sawa na ya leo. Usiamini namba, pima kifua kwa tepu.

Sasa sketi yenyewe. Wakati wa vita kuu ya pili vitambaa vilikuwa adimu, Uingereza nguo zikapimwa kwa kuponi tangu 1941 hadi 1949. Sketi zikawa nyembamba. Mwaka 1947 Christian Dior wa Paris akatoa sketi pana, ndefu, kiuno kimebanwa. Watu wakalalamika kwamba anamaliza kitambaa! Miaka ya 1960 pindo likapanda juu ya goti, na Mary Quant wa London akasifika kwa sketi hizo. Zikafika na kwetu. Dar es Salaam, Januari 1969, Vijana wa TANU wakaanza Operesheni Vijana ya kupiga vita vimini, mawigi na suruali za kubana. Je, pindo lilikoma kupanda? Si mnaona wenyewe mitaani.

Kwa hiyo sisi tunasema wazi: urefu wa sketi aamue mteja na mama yake. Mashine zile tulizinunua kwa fedha za hisa zetu, na mkopo wake haulipwi kwa kumfukuza mteja.

Tena kuna hesabu, na hapa ndipo faida ilipo. Chukua mtu wa kiuno inchi 28, anataka sketi ya solo, ile ya mduara mzima. Gawa 28 kwa 6.28, unapata kama inchi nne na nusu, hiyo ndiyo ya kuchora kiuno. Akitaka urefu wa inchi 28, toka katikati ya mduara hadi pindoni ni inchi 32 na nusu. Kwa kitambaa cha upana wa inchi 45 unakata nusu mbili, kila moja inakula inchi 65. Jumla inchi 130, karibu yadi nne! Mtu huyohuyo mwenye nyonga za 40 akitaka sketi nyembamba iliyonyooka, yadi moja inatosha.

Sasa fundi asiyejua hili anapokea kitenge kisichotosha, anaahidi solo, halafu kitambaa kinaisha kabla ya kumaliza. Hasara ya nani? Ya mteja, na jina la kikundi linaharibika. Karatasi za sanduku zimeandikwa kitambaa kinachotakiwa, na mshono wa zamani unarudi ukibadilishwa mkono au shingo tu. Binti zetu juzi wameomba gauni la marinda, lile lile la bibi zao.

Tunaomba kikao cha mwezi huu kipitishe haya: sanduku libaki, karatasi zikopeshwe kwa daftari kama fedha, na anayechana alipe. Zile zilizoliwa na mende zinakiliwe kwenye karatasi za mifuko ya saruji, ni ngumu, hazichaniki ovyo. Na wale wenye macho mazuri wajitolee kunakili, maana sisi wengine miwani imeshatushinda.