Sidiria si siri

(Muziki unapanda, halafu unashuka.)

Leo naongea na mama zangu na dada zangu. Baba na kaka, msizime redio. Nyinyi ndio mnatoa hela ya mitumba, au mnakataa kuitoa.

Habari ni ya matiti na sidiria, au sutie kama wengi wetu tuliotoka Kongo tunavyosema.

Mnajua bombani asubuhi, ndoo zimepangwa na maji hayajaja. Mama mmoja anasema ya kwake, walipovuka Ziwa Tanganyika, yalikuwa yanatazama mbele. Siku hizi yanatazama chini, yanatafuta ndala. Mwenzake mwembamba anajibu kwamba siku ya mgao wa matiti yeye alikuwa mwisho wa foleni, akamkuta karani anafunga daftari. Wa tatu, mwenye kifua kikubwa, anashika kiuno: "Nisamehe mwenzangu, nadhani mimi niliandikishwa mara mbili." Vicheko mpaka ndoo zinaanguka.

Sasa kicheko kikiisha, uliza: wewe unavaa saizi gani? Kimya. Kila mmoja anatazama ndoo yake.

Hatujui, kwa sababu tunavaa kilichopatikana. Kwenye rundo la mitumba unachagua rangi, unaweka mbele ya kifua juu ya nguo, unalipa. Nyumbani mkanda unapanda mgongoni, kamba zinachimba mabega. Halafu ndani humo tunapanga simu, noti na kadi ya mgao, utadhani benki.

Chukua uzi na rula ya mtoto wa shule. Zungusha uzi chini ya matiti, uvute bila kukata pumzi, kisha uupime. Ukipata sentimita 75, mkanda wako ni 75. Zungusha tena kupitia juu ya chuchu, bila kubana, halafu toa hesabu. Tofauti ya kama sentimita 13 ni herufi A, 15 ni B, 17 ni C, 19 ni D. Kwenye mitumba usichanganyikiwe: Mjerumani akiandika 75, Mfaransa anaandika 90 na Mwingereza 34. Ni mkanda uleule.

Uzito unabebwa na mkanda, siyo kamba za mabegani. Ukishafunga, vidole viwili vipite chini ya mkanda. Ngumi nzima ikipita, hiyo ni kubwa. Waya ukitoboa kitambaa, uchomoe na ushone tundu.

Titi moja likiwa kubwa kuliko lenzake, usilie. Wanawake wengi wako hivyo. Pima kwa lile kubwa.

Kuna jambo moja ambalo mimi silicheki. Mzazi mpya mwenye matiti madogo anaambiwa, mara nyingi na mama mkwe, kwamba hayo hayana maziwa, mtoto apewe uji. Mtoto ana wiki tatu! Ukubwa wa titi kwa sehemu kubwa ni mafuta. Maziwa yanatoka kwenye tezi, na kadiri mtoto anavyonyonya ndivyo yanavyotengenezwa. Titi dogo linanyonyesha. Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Ila sidiria inayobana inaweza kuziba mirija ya maziwa. Titi likawa gumu, jekundu, na homa juu. Hapo endelea kunyonyesha na uende kliniki.

Tena, sidiria haileti saratani, hata ukilala nayo. Lakini ukishika uvimbe mpya, ngozi ikiingia ndani, au damu ikitoka kwenye chuchu, usingoje iume. Nenda ukaonyeshe.

Na wasichana wetu wa miaka 12, 13. Wengine wanajifunga kitambaa kwa nguvu ili kifua kisionekane, kisha wanaacha kucheza mpira kwa sababu wavulana wanapiga miluzi. Mama, mpime binti yako kabla hajajifunga mwenyewe. Na kaka, mluzi huo unaupigia dada wa mtu. Wako naye anapita uwanja mwingine.

Siku mwakilishi wa kijiji chenu atakapopita kuandika mahitaji, msiishie kwenye sabuni na pedi. Mpeni namba na herufi. Tukinyamaza, mgao ukija unakuja wa kubahatisha, na mwenye 95D anapewa 75A ya kumvisha mdoli. Kama anayeandika ni kijana wa kiume na mdomo umekuwa mzito, andika kwenye karatasi, ikunje, mpe.

Rula mrudishie mtoto kabla ya somo la hesabu. Kwaherini.

(Muziki.)