Kabla ya Kung'oa Thamostati: Kutafuta Chanzo cha Joto katika Injini Kuukuu kati ya Embu na Meru

Mada kwa warsha ya mafundi, madereva na wenye magari



Niliombwa nizungumzie injini zinazochemka. Nimeipunguza mada hiyo. Nitasema kuhusu magari makuukuu tu, na nitayazungumzia katika barabara zetu hizi: kutoka Makutano hadi Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu na Meru, kisha Maua upande mmoja na Timau upande wa pili. Kanuni za nchi haziruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe. Hiyo lakini ni miaka ya kuingia, haisemi neno kuhusu kutoka. Ndiyo maana bado tunaletewa Hiace za dizeli zilizobeba abiria tangu wenye kuziendesha wakiwa shule ya msingi, Hilux zilizozeeka kwenye miraa, Corolla za miaka ya 1980, Land Rover za Mbeere na Tharaka, na mara mojamoja Peugeot 504, gari lililokuwa likiunganishwa Mombasa na ambalo wazee wetu wengi walilipanda kwenda Nairobi.

Hoja yangu ni moja. Gari likiletwa na dereva akasema "inachemsha", usishike spana. Muulize lilichemkia wapi na lilikuwa likifanya nini. Penye nchi tambarare jibu lake huenda lisikufae sana. Huku kwetu barabara yenyewe ni kipimo, na tena haitozi chochote. Embu iko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, Meru karibu 1,500, Timau imepita 2,300. Kati ya Embu na Meru mito ya Mlima Kenya imechimba mabonde: Thuci, Nithi, Mutonga. Katika safari moja gari husimama stejini injini ikinguruma, hukimbia kwenye tambarare, hupanda kwa gia ya pili likiwa na mzigo, kisha hushuka. Kila hali kati ya hizo hujaribu kiungo tofauti.

Mahali lilipochemkia

Tuanze na lile linalochemka stejini likisubiri abiria, lakini likishika njia geji hushuka. Hapo hewa haipiti kwenye rejeta. Gari likikimbia upepo wa barabara hufanya kazi ya feni. Likisimama feni hubaki peke yake, na udhaifu wake hujitokeza. Tazama mkanda, kama umelegea au umeng'aa kwa kuteleza. Tazama klachi ya feni: injini ikiwa moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kirahisi bila ukinzani, klachi imekufa. Kwenye 504 feni hushikwa kwa sumaku ya umeme, na swichi au waya wake ukikatika feni huendelea kuzunguka kivivu. Dereva akiinua boneti huiona inazunguka, anaapa kwamba ni nzima. Kuzunguka na kuvuta hewa ni mambo mawili. Angalia pia lile kava la plastiki linaloizingira feni. Limetolewa kwenye magari mengi ili fundi afikie pampu upesi, na halikurudishwa. Bila kava, feni huvuta hewa ileile ya moto iliyo ndani ya boneti.

Linalochemka kwenye tambarare ya Mwea kwa mwendo wa kasi, upepo wote ukilipiga usoni, lina shida nyingine. Hewa ipo, maji ndiyo hayazunguki vya kutosha. Mwambie mtu akanyage mafuta huku wewe ukitazama mpira wa chini wa rejeta. Mpira mzee, au uliopoteza waya wake wa ndani, hunywea kwa mvuto wa pampu na kuziba njia. Injini ikitulia hurudi katika umbo lake, nawe ukiutazama gari likiwa limezimwa huoni kitu. Pampu nayo huweza kuwa imeliwa mapanga yake na kutu bila kuvuja hata tone.

Linalochemka kwenye kupanda pekee ndilo gumu zaidi, kwa sababu hapo sababu nyingi hukutana: mzigo mkubwa, mwendo mdogo, na hewa nyembamba. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba nusu. Nje imezibwa na tope jekundu, wadudu na makapi, na dawa yake ni maji yanayopigwa kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa shinikizo dogo ili mapezi yasipinde. Ndani imezibwa na kutu na magadi. Ipapase rejeta kwa uangalifu baada ya kuzima injini na feni kusimama: sehemu yenye baridi katikati ya sehemu zenye moto ni mirija isiyopitisha maji. Wenzetu wa Mbeere wanaojaza maji ya visima vyenye chumvi wanalijua tatizo hili kuliko sisi tunaochota mitoni, ingawa maji yetu ya mtoni nayo huingia na matope yake. Na ile dawa ya kuziba matundu inayouzwa dukani haichagui. Huziba tundu, na ikizidi huziba mirija pia.

Lakini usisahau kwamba joto lenyewe linaweza kuwa limezidi. Petroli ikichomwa kwa kuchelewa, breki ikiwa imeshika, klachi ikiteleza, pampu ya dizeli ikiwa imefunguliwa ili gari "livute", rejeta nzima kabisa itashindwa. Nimeona watu wakibadilisha rejeta ilhali gurudumu la nyuma ukiligusa linakuunguza.

Jaribio la kupanda na mzigo lisifanyiwe bonde la Nithi. Tangu basi lilipotumbukia pale Julai 2022 hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini. Kutoka Meru kupanda kuelekea Timau kunatosha: mpando ni mrefu, na geji hupata muda wa kusema ukweli. Kwa madereva wanaoweka gia huru kwenye mteremko ili "injini ipoe": gari likishuka ndani ya gia injini huchoma mafuta kidogo sana au haichomi kabisa, huku pampu ikisukuma maji kwa kasi. Ukiitoa kwenye gia, pampu na feni hulegea, na breki zinabebeshwa kazi yote.

Kifuniko na mwinuko

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopoteza magari mengi kwa kitu kidogo.

Maji huchemka kwa nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari, Mombasa. Meru huchemka karibu na nyuzi 95, na kwenye mita 2,400, kule Timau, karibu na 92. Thamostati nyingi za magari haya huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 na kumaliza karibu na 95. Ina maana injini nzima kabisa, ikifanya kazi kama ilivyoundwa, ina joto linaloweza kuchemsha maji yaliyo wazi Timau. Kinachozuia yasichemke ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko cha bar 0.9 huongeza shinikizo hadi maji yaweze kufika nyuzi 114 au zaidi bila kuchemka, hata kwenye mwinuko ule. Springi ikichoka ibakie na bar 0.3, Timau maji yatachemka kwenye nyuzi 101 hivi. Gari hilohilo likishuka Isiolo halina neno, na dereva atakuambia "inachemsha ikiwa baridi, kwenye joto iko sawa". Msimcheke. Anakueleza kifuniko kibovu bila kujua.

Kifuniko hupimwa kwa pampu ya mkono yenye geji, na kila gereji inayoshughulika na magari makuukuu inapaswa kuwa nayo. Asiye nayo atazame mpira wa kifuniko kama umekauka na kupasuka, avute ile vali ndogo ya katikati kama inarudi, kisha atazame mpira wa juu wa rejeta asubuhi. Ukiwa umenywea injini ikiwa baridi, vali ya kurudisha maji haifunguki. Na ukinunua kingine, soma namba iliyoandikwa juu. Sokoni kila kinachoingia shingoni huuzwa kuwa ndicho.

Thamostati

Sasa nije kwenye tabia inayoniudhi. Gari likichemka, kitu cha kwanza kutolewa ni thamostati, na hutupwa. Wapo wanaosema ni kitu cha nchi za baridi. Timau saa kumi na moja alfajiri si nchi ya baridi? Injini isiyofikia joto lake huchoma mafuta zaidi, huchafua oili na kula silinda. Tena kuna injini, nyingi za Toyota zikiwemo, ambazo thamostati ikifunguka njia ya rejeta huziba njia fupi inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiing'oa, njia fupi inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa, na gari uliloliondolea thamostati ili lipoe linachemka zaidi kwenye mpando.

Gasketi

Hukumu ya gasketi isitolewe mapema, kwa sababu ni ghali na kwa sababu hedi za alumini, kama ile ya 1KZ iliyomo kwenye Prado na Hiace nyingi za zamani, hupasuka. Ukiifungua bila sababu unaweza kuirudisha imepinda. Dalili ya kweli ni hii: gari limelala usiku kucha, limewashwa, na ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata joto, mpira wa juu umekuwa mgumu. Huo ni moshi wa silinda umeingia kwenye maji. Fungua kifuniko kabla ya kuwasha, jaza hadi shingoni, washa: mapovu yasiyokwisha yanathibitisha. Ipo pia dawa ya buluu inayovutishwa hewa ya rejeta na kugeuka manjano ikikutana na moshi huo. Plagi moja iliyo safi mno kuliko wenzake ni ushahidi mwingine.

Uji mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi. Gari la safari fupi katika baridi ya asubuhi ya Timau au Meru huufanya kwa unyevu wa hewa tu. Chomoa kijiti cha oili. Kama oili ni safi, weka spana chini. Na geji nayo husema uongo: maji yakiisha kabisa, kipimo hubaki kwenye hewa au mvuke, mshale hushuka, dereva hufurahi kwamba injini imepoa, kumbe inanoki kilomita chache mbele.

Mezani pale mna majiko mawili, sufuria, kipimajoto na thamostati sita mlizoleta wenyewe. Tutazining'iniza ndani ya maji kwa uzi, zisiguse chini. Zingatieni kwamba hapa Meru maji yataishia karibu na nyuzi 95, kwa hiyo thamostati nzima ya 82 itafunguka yote au karibu yote. Fundi wa Timau akifanya jaribio hili kwake maji hayatapita 92, na thamostati nzima haitafunguka hadi mwisho. Apime inapoanzia, asipime inapoishia, la sivyo atazitupa zilizo nzima. Walioleta za nyuzi 88 wakae upande wa dirisha. Zao tutazipima mwisho.