Usukani Unaovuta Kando

Juma hili nataka tuitazame mikono ya madereva.

Ukibahatika kupata kiti cha mbele katika basi dogo liendalo Shelui au Igunga, usiangalie mshale wa mwendo peke yake. Angalia mikono ya dereva pale barabara iliponyooka. Gari linakwenda mbele, lakini usukani umekaa upande kama kofia ya mlevi, na mkono mmoja umekaza misuli kana kwamba unamzuia ng'ombe asiingie kwenye shamba la alizeti. Akiulegeza kidogo tu, gari linahama njia. Mafundi wetu wana neno fupi kwa hali hiyo. Husema gari linavuta.

Lazima nianze kwa kulitetea gari kidogo. Barabara ya lami haikulazwa kama meza. Imeinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni, na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, hata gari zima kabisa hupenda kuteleza polepole kuelekea kushoto, upande wa mtaro. Huo si ugonjwa. Halafu Singida tuna upepo. Mtu aliyewahi kupita na basi refu katika nchi yetu tambarare wakati wa kiangazi anajua jinsi ubavu wa gari unavyosukumwa. Dereva mwenye busara hupima hivi: huenda kilomita moja, kisha hugeuza na kurudi njia ile ile. Kama wakati wa kwenda lilivuta kushoto na wakati wa kurudi likavuta kulia, mwenye kosa ni upepo. Kama limevuta upande ule ule safari zote mbili, na kwa nguvu, basi gari lina jambo.

La kuogopwa zaidi ni lile linalovuta kulia. Hilo linapanda mgongo wa barabara, na upande ule kinachokuja ni lori lenye shehena ya Rwanda, Burundi au Kongo.

Hapa naomba ruhusa nitoke kidogo nje ya mkoa wetu usio na bahari. Wenzetu wa Marekani wana boti za starehe ambazo injini yake imekaa ndani ya boti yenyewe, na kazi yake ni kutengeneza wimbi kubwa nyuma ili mtu aliyesimama juu ya ubao avutwe kwa kamba na kuruka-ruka. Boti ya namna hiyo huwa na rafadha moja tu, nayo huzunguka upande mmoja. Maji yanayosokotwa na rafadha hulipiga ubapa wa sukani lililo nyuma yake kwa nguvu isiyo sawa pande zote, na nahodha huuhisi usukani ukimvuta mkono. Yaani boti ile imezaliwa na mvuto. Mafundi huituliza kwa kuchukua tupa na kupunguza kidogo ukingo wa nyuma wa sukani, kisha kuijaribu majini, kisha kupunguza tena kidogo. Hata zile injini za kufunga nyuma ya mtumbwi, ambazo wavuvi wa Ziwa Victoria wanazijua sana, nyingi zina kipezi kidogo cha chuma juu ya rafadha. Boti ikivuta kushoto, mkia wa kipezi hicho hugeuzwa kushoto. Ikivuta kulia, hugeuzwa kulia. Linasikika kama kinyume, lakini maji yakikisukuma kipezi, injini nzima hurudi upande wa pili.

Nimeyataja hayo kwa sababu moja. Mwenye boti ile ndiye mara nyingi anayeiendesha. Mvuto anausikia kwenye mkono wake mwenyewe, siku yake ya mapumziko, na hauvumilii hata kidogo. Anatafuta fundi kwa ajili ya karaha tu, si kwa ajili ya roho za watu. Sisi huku tuna magari yenye abiria ishirini na tano yanayovuta miezi sita, na yanashuka mlima.

Gari, tofauti na boti ile, halikuzaliwa na mvuto. Likivuta, kuna kitu kimeharibika, na kukitafuta hakuhitaji uganga. Kwanza upepo wa matairi. Tairi lililopungua upepo huburuta, na gari huelekea upande wake. Pili matairi yenyewe: kushoto jipya, kulia kipara, au matairi mawili yasiyofanana hata nakshi. Hapo fundi hubadilishana matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto. Mvuto ukihama upande, amemkamata mwizi. Usipohama, anaendelea na breki, boljointi, bushi, na springi. Malori na mabasi yana bolti ya katikati inayoshikilia springi na ekseli; ikikatika, ekseli husogea nyuma upande mmoja, na gari huanza kutembea kama kaa, kichwa huku na mkia kule. Nadhani wengi wetu tumewahi kulifuata gari la namna hiyo na kudhani ni macho yetu yamechoka.

Sasa kuna wale mafundi, na ninyi mnawajua, ambao hawafanyi lolote kati ya hayo. Wanafungua nati ya usukani, wanaung'oa, wanaugeuza mpaka ukae sawa machoni, wanaufunga tena. Dereva analipa, anaondoka anacheka. Usukani sasa umenyooka, gari linavuta vile vile. Kilichopona ni picha.

Nisingekuwa na hamu ya kuyasema haya kama nisingekuwa ndani ya gari moja la aina hiyo mwaka jana, kutoka Singida mjini kwenda Shelui kikazi. Gari lilivuta kushoto tangu tulipotoka stendi. Dereva, kijana wa miaka kama thelathini, aliushika usukani umepinda kulia njia nzima. Nilipomuuliza alinijibu kwa heshima, "Kaka, hili nimelizoea. Ndivyo lilivyo." Kabla ya Misigiri tukaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Tuliposimama pale njia panda ya Kiomboi, utingo akaruka na kidumu cha maji na kuyamimina kwenye tairi la mbele kushoto. Mvuke ukapanda kama wa sufuria ya mihogo. Ilionekana wazi kwamba haikuwa mara yake ya kwanza.

Wasioifahamu njia hiyo niwaeleze. Ukitoka Misigiri kwenda Shelui unateremka Sekenke. Ni Sekenke hiyo hiyo iliyotoa dhahabu ambayo Wajerumani, mwaka 1916, waliifulia sarafu za rupia 15 kule Tabora. Wapitaji wa siku hizi hawaulizi habari za dhahabu. Wanauliza breki. Mteremko una kona, chini unaishia kwenye nchi ya bonde la Wembere, na breki inayojishika yenyewe tangu Singida inafika pale tayari ina moto. Mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea ambapo mafuta hayabonyei. Dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari halina habari.

Alikuwapo fundi pale njia panda, mzee mwenye ovaroli isiyo na rangi tena. Alipandisha gurudumu kwa jeki akajaribu kulizungusha kwa mkono. Halikuzunguka. Akalegeza ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki. Mafuta yakaruka kwa nguvu, na papo hapo gurudumu likazunguka jepesi. Akatuonyesha mpira wa breki. Nje ulikuwa mzima. "Ndani umevimba," alisema. "Unaruhusu mafuta kuingia dereva akikanyaga, akiachia hauyarudishi." Kwa hiyo breki ya gurudumu moja ilikuwa imeshikwa muda wote, na ndiyo iliyokuwa inalivuta gari kushoto. Kitu cha urefu wa kiganja cha mkono na vidole vyake.

Dereva akampigia simu tajiri wake. Sote tulisikia, kwa sababu simu ile ilikuwa na sauti kubwa kuliko redio. Tajiri alitaka breki ya gurudumu lile izibwe, gari literemke polepole, mpira ununuliwe kesho. Fundi akatikisa kichwa. Ukiziba kushoto, alisema, kulia ndiko kutakakokamata peke yake, na kila ukikanyaga gari litakurushia kulia, kwenye njia ya wanaopanda. Dereva aliitazama simu, akaizima, akamwambia utingo aweke jiwe nyuma ya tairi. Mpira uliagizwa Singida, ukaletwa na basi lililofuata. Tulikaa pale saa tatu.

Sikusikia abiria hata mmoja akimshukuru. Wengine walidai nauli. Mama mmoja aliyekuwa na tenga la kuku, kuku wetu wa Singida wanaosifiwa mpaka Dar es Salaam, aliniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, "Mwanangu, wewe mwenye maneno mengi, waambie basi kuku wangu wanakufa kwa joto." Walikufa wawili. Nani alitakiwa amlipe? Tajiri hakuwapo. Konda alisema mfuko wake ni wa hesabu.

Neno hilo, hesabu, ndilo ninalotaka tuliangalie kwa makini. Dereva wa gari dogo la abiria aghalabu hana mshahara wa kueleweka. Ana kiasi cha fedha anachotakiwa kumpelekea tajiri kila jioni, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake na konda. Siku gari likilala kwa fundi, hesabu bado inamsubiri, au yeye analala njaa. Kwa hiyo anayeusikia mvuto mkononi si yule mwenye fedha za kuuondoa, na mwenye fedha hajawahi kuushika usukani ule tangu alinunue gari. Katikati yao wanakaa abiria. Madereva walipogoma nchini mwaka 2015, moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Wengi tuliyasikiliza madai yale kama ugomvi wa kazi baina ya watu wawili. Mimi siku hizi nayasikia kama madai ya breki.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutumika barabarani. Wenzetu wa trafiki hukagua taa, matairi, mikanda na leseni, na mabasi makubwa siku hizi yana vifaa vinavyotoa taarifa ya mwendo kwa LATRA. Lakini kifaa kile kingetoa taarifa gani juu yetu siku ile? Tulikwenda mwendo mzuri kabisa. Hakuna mtambo unaojua kwamba mkono wa kulia wa dereva umekufa ganzi.

Yapo makampuni ya malori ambayo dereva hupewa daftari la ubovu. Jioni anaandika: linavuta kushoto, pedali imelegea, taa ya nyuma haiwaki. Mkubwa wake anatia sahihi kwamba amesoma, na fundi anatia sahihi kwamba ametengeneza. Daftari la namna hiyo linauzwa katika kila duka la vifaa vya shule mjini Singida. Napendekeza wenye mabasi madogo watakiwe kuwa nalo, na trafiki anayesimamisha gari aombe kuliona kama anavyoomba leseni. Likitokea la kutokea, tutajua kama tajiri aliambiwa au hakuambiwa. Najua wapo watakaosema madereva wataogopa kuandika. Wengine wataogopa, kweli. Yule kijana wa Misigiri angeandika.

Nawe abiria, swali moja dogo kabla ya kuanza kuteremka haligharimu nauli: "Dereva, gari linavuta?" Uliza kwa adabu, maana kazi yake ni ngumu. Akikwambia amelizoea, mwombe asimame Misigiri, na mkono wako uusogeze karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Magurudumu ya mbele yakiwa na joto linalolingana, pandeni mwende zenu. Moja likikuunguza kabla hujalifikia, yule mzee wa ovaroli yupo ng'ambo ya barabara.

Juma lijalo, tukijaliwa, nitazungumzia malori yanayoharibika usiku na kuachwa katikati ya njia, na matawi ya miti yanayowekwa badala ya taa.