Kuhesabu Nyumbani Wakati wa Kipupwe

Mwezi wa Juni baridi hushika sana Mbeya na Iringa, nao watoto wa shule huwa likizoni. Wadogo zao hukaa nao jikoni wakiota moto. Wakati huo usipite bure.

Wako watoto wawezao kuimba moja mpaka ishirini, lakini ukimwambia mmoja wao, "Niletee punje saba za mahindi," hukuletea konzi nzima. Huyo ana maneno ya hesabu, hesabu yenyewe hana. Na siku atakapotumwa dukani atapunjwa.

Dawa i papo hapo nyumbani. Mchimbieni mashimo ya bao uani, penye jua: safu 4, kila safu mashimo 8. Mpeni maharage, atie mawili mawili, kama ilivyo desturi ya bao la kujifunza. Safu moja itapokea 16, na bao zima 64. Kisha mwulizeni, "Ukigawana na nduguyo sawasawa, kila mmoja atapata mangapi?" Msimjibie. Na agawe kwa mikono yake, mpaka aone mwenyewe kuwa ni 32.

Tena, akina mama wa Kihehe husuka vikapu kwa milulu. Mtoto naye apewe michache, aifunge vitita vya kumi kumi, kisha ajaribu kusuka: mmoja juu, mmoja chini. Akikosea hesabu, kazi yake yenyewe itamwonyesha, wala haihitajiwi fimbo.

Ila angalieni, mtoto mchanga asitie maharage puani wala kinywani.