Kutoka Mashine ya Mazoezi Hadi Barabarani: Tuanze Upya, Tuanze Taratibu

*Maelezo yaliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na marafiki wanaojiandaa kwa mbio za kilomita 5 mjini Moshi*



Nimeombwa nizungumze na wale walioanza kukimbia kwa kutumia mashine na sasa wanataka kutoka nje. Kundi hili si dogo. Wapo watumishi wa mjini waliojiunga na jimu baada ya kuambiwa na daktari kwamba presha au sukari imepanda. Wapo pia marafiki wa Ujerumani na Marekani wanaokuja Moshi kwa mbio za Kilimanjaro, ambazo kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kwao hiyo ni miezi ya baridi na theluji, hivyo mazoezi mengi huyafanyia ndani.

Ninalo jambo moja kubwa la kusema. Mtu anayetoka kwenye mashine kwenda barabarani anaanza upya, na akubali kuanza upya. Aliyezoea kukimbia nusu saa ndani hutoka nje, dakika ya sita pumzi imekata, naye anarudi nyumbani akisema, "Mimi si wa kukimbia." Hapo ndipo wengi wanapoishia, na wengine ni wale wale ambao afya zao zinahitaji sana mazoezi. Uwezo wanao. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza tofauti iliyopo.

Tofauti iko wapi?

Kwanza ni mwendo. Mashine inakupangia mwendo. Ukibonyeza kilomita 8 kwa saa, mkanda utazunguka kwa kilomita 8 kwa saa mpaka utakapouzima. Barabarani mwendo unaupanga mwenyewe, na anayeanza karibu kila mara huupanga juu mno. Asubuhi ina hewa nzuri, majirani wanatazama, miguu ina hamu. Basi anakwenda mbio kuliko alivyozoea bila kujua, halafu anailaumu barabara.

Wengine husema shida ni upepo. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Uingereza, Jones na Doust, walionyesha kwamba mashine ikiinuliwa kwa asilimia 1, nguvu zinazotumika hulingana na za kukimbia nje kwenye tambarare. Lakini hao walipima wakimbiaji wenye mazoezi, waliokwenda zaidi ya kilomita 10 kwa saa. Kwa mtu anayeanza, tena anayekwenda polepole, upepo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni mwendo.

Pili ni ardhi. Mkanda wa mashine ni laini na kila hatua inafanana na iliyotangulia. Njia zetu zina mawe, mashimo na makorongo. Vifundo vya miguu, muundi na shavu la mguu hufanya kazi ambayo hazikuwahi kuifanya. Tukumbuke kwamba moyo na mapafu huzoea mazoezi upesi kuliko mifupa na kano. Mtu anaweza kuwa na pumzi ya kutosha huku miguu yake bado haijawa tayari.

Tatu ni vilima. Moshi iko kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, hivyo ukielekea kaskazini unapanda, na kurudi unashuka. Mashine nyingi zinakupandisha lakini hazikushushi. Wakati wa kushuka misuli ya mapaja ndiyo inayokuwa breki, na maumivu yake huja kesho yake au keshokutwa. Hivyo basi, unaposhuka fupisha hatua, wala usijiachie.

Tuanze vipi?

Kipimo cha mwendo hakihitaji saa wala kifaa. Ni maongezi. Ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo wako ni sahihi. Ukibaki kujibu "ndiyo" na "hapana", punguza. Ukilazimika kutembea, tembea. Kutembea ni sehemu ya mazoezi.

Napendekeza siku tatu kwa wiki, zisizofuatana, kwa utaratibu huu:

- Wiki ya 1 na ya 2: siku mbili kwenye mashine, siku moja nje. Ukiwa nje, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara sita.
- Wiki ya 3 na ya 4: siku moja kwenye mashine, siku mbili nje. Kimbia dakika 2, tembea dakika 2, mara tano.
- Wiki ya 5 na ya 6: siku zote nje. Kimbia dakika 4, tembea dakika 1, mara nne.
- Wiki ya 7 na ya 8: kimbia dakika 9, tembea dakika 1, mara mbili, kisha mara tatu.

Kila siku anza kwa kutembea dakika 5 na umalize hivyo hivyo. Aliyekwisha kuzoea nusu saa kwenye mashine anaweza kupanda ngazi hizi upesi zaidi, lakini siku ya kwanza nje asizidi nusu ya muda aliouzoea. Tuhesabu dakika kwanza, kilomita zitafuata.

Asiye na njia nzuri atumie uwanja wa mpira. Kuzunguka uwanja wa kawaida mara moja ni karibu mita 350, kwa hiyo mizunguko 14 au 15 inakaribia kilomita 5.

Kwa wageni wetu naongeza neno. Mwili unahitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea joto. Anayefika siku mbili kabla ya mbio asitegemee kwenda kwa mwendo wa kwao.

Usalama na afya

Wenye presha, kisukari, au waliowahi kupata maumivu ya kifua wamwone daktari kabla ya kuanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari amwulize kuhusu dozi siku za mazoezi, na abebe kitu cha sukari mfukoni. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama.

Magari yetu hupita kushoto, hivyo tukimbie upande wa kulia tukiyatazama yanayokuja, bila kusahau bodaboda ambazo hutokea popote. Tuvae nguo za rangi ya kung'aa na tusubiri kupambazuke. Akina mama na mabinti wasiachwe kukimbia peke yao. Twende wawili wawili au kwa kikundi.

Kuhusu viatu, raba za mitumba zinafaa zikichaguliwa vizuri. Tazama soli kwenye kisigino. Ikiwa imelika upande mmoja, iache. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba.

Mfano wa Tokyo

Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo, medali ya dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Walipokuwa wakiukaribia utepe, Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele, na Simbu akampita kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Marafiki zetu Wajerumani watatusamehe kwa kulikumbusha. Nalitaja kwa sababu bingwa wa dunia alitunza nguvu zake kwa kilomita 42. Sisi tunaoanza tutaona aibu gani kuzitunza kwa 5? Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Ombi kwa kamati

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kutembea kwa haraka nako kunahesabiwa. Hakuna usharika unaohitaji kununua mashine ili kufikia hapo. Naomba kila kamati ifanye mambo matatu: ichague njia au uwanja ulio salama, ipange siku tatu na saa inayojulikana, na imteue mtu wa kukaa nyuma ya kundi pamoja na anayekwenda polepole kuliko wote. Huyo wa mwisho ndiye aliye karibu kukata tamaa. Akirudi wiki ya pili, tutakuwa tumefanikiwa.