HALULI NA MAJI YA MWILI: MATUMIZI SALAMA YA CHUMVI ZA KULAINISHA CHOO

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wananchi





Nimepewa fursa ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa kawaida watu huona haya kulitaja mbele za watu, nalo ni choo. Haya hiyo ndiyo inayomfanya mtu mzima, mwenye cheo chake ofisini na heshima yake mtaani, akae siku tano tumbo limemyabisika bila ya kumwambia mtu, kisha amtume mtoto dukani akamletee haluli. Haluli huja imefungwa katika kikaratasi au kifuko cha plastiki kisichokuwa na jina wala kipimo. Huikoroga kwa kukisia, akainywa, akangoja. Mara nyingi mambo hwenda salama. Leo nataka tuzungumze juu ya zile mara ambazo hayendi salama.

Haluli si kitu kigeni kwetu. Wengi wa rika langu wanakumbuka siku za likizo ya skuli, ambapo watoto wa nyumba nzima walipangwa safu asubuhi kabla ya kula kitu, kila mmoja akapewa gilasi yake ya maji machungu, na siku hiyo hapakuwa na mchezo wa mbali na nyumba. Wazee walisema tumbo linasafishwa. Nia yao ilikuwa njema. Lakini tumbo la mtoto mwenye afya halihitaji kuoshwa kama sufuria. Hujisafisha lenyewe kila siku, na madaktari wa leo hawaipendekezi desturi hiyo.

Chumvi yenyewe, kwa jina la kitaalamu, ni salfeti ya magnesiamu. Waingereza huiita kwa jina la mji wa Epsom, ulio kusini ya London, ambako katika karne ya 17 watu walikuwa wakisafiri kwenda kunywa maji machungu ya kisima chake. Mwaka 1695 tabibu mmoja, Nehemiah Grew, alichapisha kitabu kuhusu chumvi iliyomo katika maji hayo. Wako ndugu zake wengine katika ukoo huu wa dawa: maziwa ya magnesia yanayouzwa kwa chupa, sitreti ya magnesiamu, na fosfeti ya sodiamu ambayo huja kama dawa ya kunywa au ya kupigwa kwa bomba kupitia njia ya haja kubwa. Sanamaki na mafuta ya mbarika hayamo katika ukoo huu. Hayo hufanya kazi kwa namna nyengine, nami leo sitayagusa.

Jambo ambalo ningependa kila mmoja wetu alichukue ni hili. Haluli haikisukumi choo kwa nguvu zake yenyewe, bali huvuta maji. Utumbo huinyonya chumvi hii kidogo tu. Sehemu kubwa hubaki ndani ya utumbo, na hapo ilipo huyavuta maji ya mwili yaingie tumboni. Choo kikavu hulainika, utumbo hutanuka, na ukishatanuka hujikaza na kusukuma. Ndiyo maana anayekunywa asubuhi kabla ya kula huitwa na haja baada ya saa mbili hadi nne hivi. Sasa tujiulize, maji hayo yametoka wapi? Yametoka katika damu na katika viungo vya mnywaji mwenyewe. Na ile sehemu ndogo ya chumvi iliyonyonywa ikaingia katika damu, ni nani wa kuitoa? Kazi hiyo ni ya figo.

Kwa hiyo, mwenye maji ya kutosha mwilini na figo nzima anaweza kuinywa haluli mara moja moja bila ya dhara. Asiyekuwa na maji, au ambaye figo zake zimechoka, anajitia katika hatari ambayo haionekani katika gilasi.

Chukulieni mzee wa miaka sabini. Ana presha, anatumia vidonge vya kukojoza, na magoti yakimuuma humeza diklofenaki. Siku za joto hanywi maji mengi kwa sababu anachoka kunyanyuka usiku. Figo za umri huo, hata kama hazijaugua, hazina tena nguvu za ujana. Mzee huyu akinywa haluli leo, kesho isipofanya kazi akanywa tena, na keshokutwa akaongeza, magnesiamu hujikusanya katika damu yake. Dalili za mwanzo ni kichefuchefu, uso kuwa na joto na wekundu, usingizi na viungo kulegea. Hapo watu wa nyumbani husema mzee amechoka kwa kuendesha, mwacheni alale. Kumbe presha yake inashuka, mapigo ya moyo yanapungua, na mwishowe pumzi zinaweza kusimama. Mzee aliyekunywa haluli akawa mlegevu na mwenye usingizi usio wa kawaida asiachwe kulala. Apelekwe hospitali, na daktari aelezwe wazi alichokunywa na kiasi chake.

Huko Japani, ambako wazee ni wengi na dawa za magnesiamu hutumika sana kwa ajili ya choo, mamlaka ya dawa iliagiza mwaka 2015 tahadhari iongezwe katika maandishi ya dawa hizo, kwa vile madhara makubwa yalionekana hata kwa watu ambao figo zao hazikuwa na ugonjwa. Nchini Marekani, Januari 2014, mamlaka ya huko iliwaonya wananchi juu ya fosfeti ya sodiamu inayouzwa bila ya cheti cha daktari, kwamba wasizidishe kipimo kimoja katika saa 24. Ilieleza kuwa wengi waliodhurika walikunywa kipimo kilichozidi, au walirudia zaidi ya mara moja kwa siku. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 55, mwenye ugonjwa wa figo, aliyepungukiwa na maji, na anayetumia dawa za presha au dawa za maumivu kama ibuprofeni, walitakiwa waulize kwanza. Kuhusu watoto, dawa hiyo ya kunywa asipewe mwenye miaka 5 au chini ya hapo bila ya kwanza kushauriana na mtaalamu wa afya, na ya bomba isipigwe kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2.

Nakuja sasa katika tatizo letu la hapa, la kikaratasi kisicho na jina. Punje nyeupe zinazong'aa ni nyingi sokoni. Haluli ni nyeupe, shabu ya kusafishia maji ni nyeupe, magadi yamo humo humo, na salfeti ya magnesiamu ya kutilia mimea huuzwa kama mbolea ilhali haikutengenezwa kwa ajili ya kunywewa na mwanadamu. Muuza duka akichota kwa mkono kutoka kopo hadi kopo, mnunuzi hana njia ya kujua anachokipeleka tumboni. Tunawanasihi wananchi wanunue haluli katika duka la dawa lililosajiliwa, ikiwa katika pakiti iliyofungwa, yenye jina, kipimo na tarehe ya kumalizika. Vile vile, chumvi ya jikoni si haluli. Kunywa maji yaliyokolezwa chumvi ya chakula ili kusafisha tumbo kunaweza kupandisha sodiamu katika damu hadi ubongo ukadhurika, na watu wamekufa kwa hilo.

Kipimo cha mtu mzima anayetaka kufungua choo kwa haraka ni gramu 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja hadi viwili vya chai vilivyosawazishwa, si vya lundo, vikayeyushwa katika gilasi kubwa iliyojaa maji na kunywewa kabla ya chakula cha asubuhi. Pakiti ikieleza kipimo chengine kwa umri wa mnywaji, ifuatwe pakiti. Baada ya hapo mtu aendelee kunywa maji siku nzima. Isipofanya kazi, asirudie siku hiyo hiyo kwa kudhani haikutosha. Na anayejikuta anaihitaji kila wiki, hilo ni jambo la kumpelekea daktari.

Jengine ambalo halina mjadala ni maumivu makali ya tumbo. Mtu ambaye tumbo linamkata, anatapika, limevimba, hapati choo wala hatoi upepo, asipewe haluli wala dawa yoyote ya kuendesha. Huenda ni kidole tumbo, huenda ni ngiri iliyobana, huenda utumbo umejisokota. Kuujaza maji na kuusukuma utumbo ambao njia yake imeziba ni kuuelekeza kwenye kupasuka. Mgonjwa huyo ni wa hospitali, usiku huo huo, bila ya kungoja asubuhi.

Katika mwezi wa Ramadhani maduka ya dawa hupata wateja wengi wa choo kigumu, na sababu yake inaeleweka. Maji ni machache, vyakula vya kukaanga ni vingi, na mboga husahauliwa. Wako wanaokunywa haluli wakati wa daku ili asubuhi watulie. Hilo ni kosa, kwani anayeharisha asubuhi hawezi kurudisha maji aliyoyapoteza mpaka magharibi. Atakayelazimika aiwahi baada ya kufuturu, anywe maji usiku, na akiwa na kisukari au ugonjwa wa figo aulize kabla ya kuigusa.

Naingia katika suala la wale wanaotakiwa kusafisha utumbo kwa ajili ya kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa mrija wenye kamera. Hapa kusafisha ni lazima, maana daktari hawezi kuona uvimbe mdogo uliofunikwa na uchafu. Lakini haluli ya nyumbani haichukui nafasi ya dawa iliyoandikwa. Hospitali hutoa dawa maalumu, mara nyingi ni unga wa polietilini glaikoli unaochanganywa na maji mengi, au mchanganyiko wenye sitreti ya magnesiamu. Fosfeti ya sodiamu ya kunywa imeachwa na madaktari wengi kwa kazi hii baada ya kuonekana, katika miaka ya 2000, kuwa iliwaharibu figo baadhi ya wagonjwa. Kwa kawaida nusu ya dawa hunywewa jioni ya jana yake na nusu nyengine saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Wapo wanaoacha nusu ya pili kwa sababu ya ladha mbaya; matokeo yake kipimo huahirishwa na dawa huanza upya. Vinywaji vyekundu huachwa kwa kuwa huonekana kama damu. Vidonge vya madini ya chuma navyo husimamishwa siku kadhaa kabla, kama atakavyoelekeza daktari. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda aseme mapema, siyo siku anapolazwa kitandani.

Magnesiamu hugombana na dawa nyengine. Anayetumia dolutegraviri aimeze saa 2 kabla ya dawa yenye magnesiamu, au saa 6 baada yake, vyenginevyo dawa yake haitanyonywa ipasavyo. Doksisaiklini na siprofloksasini nazo huzuiwa hivyo hivyo, na mfamasia atamweleza mtumiaji namna ya kuzitenganisha.

Kuhusu choo chenyewe, si lazima kila mtu aende kila siku. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni kawaida, mradi kitoke bila ya shida. Kikiwa kigumu, yaanzwe maji, papai, ukwaju, tende, kunde, mchicha na matembele, na kutembea kwa miguu. Dawa mpya nazo ziangaliwe: vidonge vya kuongeza damu na dawa za maumivu zenye kodini hufunga choo. Mama mjamzito aliyefungwa choo na vidonge vya damu asiviache wala asinywe haluli kwa ushauri wa jirani. Amweleze mkunga wake kliniki, naye atampatia dawa inayomfaa. Na yeyote atakayeona damu katika choo, au anayekonda bila ya sababu, au ambaye mwenendo wa choo chake umebadilika akiwa amevuka miaka arubaini na mitano, afike hospitali akapimwe kabla ya kununua dawa yoyote ya kulainisha.