Ramani Iletwe Likoni

Msikilizaji, tangazo la Wizara ya Madini umelisikia: ndege zimepita juu ya Kenya zikipima usumaku wa ardhi, na madini yameonekana sehemu nyingi. Gumzo limekuwa moja tu: nani atachimba Kilima cha Mrima kule Kwale, nani atapewa leseni. Sisi tunauliza jingine kuhusu ramani ya vipimo hivyo. Ramani iko wapi?

Maana usumaku hausemi madini peke yake. Husema pia ardhi imeteleza wapi, umbali gani, kwa miaka mingapi. Lava inapopoa chini ya bahari hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati ule. Sumaku hiyo imegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini, na kila mgeuko umebaki mwambani kama mistari ya kikoi. Ufa ukipita hapo, mistari hukatika ikaachana. Pima umbali kati ya mistari, jua umri wake, na kasi ya ardhi kuachana umeipata.

Simama Shelly Beach, hapa Likoni, utazame bahari. Madagaska, Bukini ya wazee wetu, ilikuwa imeshikana na pwani hii ya Afrika Mashariki. Mwaka 1983 Philip Rabinowitz na wenzake walichapisha vipimo vya usumaku wa sakafu ya bahari hii, vikathibitisha kwamba kisiwa kilitoka huku kaskazini. Kiliteleza kusini kando ya Ufa wa Davie, kikatulia takriban miaka milioni 120 iliyopita. Historia hii iko mbele ya mlango wetu. Mtoto wa Likoni ameonyeshwa? Ramani iko wapi?

Na bahari hiyo haijalala. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko lilipiga karibu na pwani ya Tanzania, na Mombasa ikatikisika. Vipimo vya sumaku havitabiri siku ya tetemeko, lakini huonyesha ardhi ilipopasuka. Kwa mji unaopandisha maghorofa na kungoja daraja la Likoni, hilo si dogo.

Mchanga wa madini wa Kwale ulipakiwa melini hapa hapa Likoni, tukitazama. Safari hii tusitazame tu! Wabunge wa Pwani, idaini ramani. Walimu, iulizieni. Wazazi, msinyamaze. Iletwe Likoni, itundikwe shuleni, ielezwe kwa Kiswahili, tena iletwe kabla leseni yoyote haijatiwa saini!